Ampli ya 5.1 inaandika PROTECT, bafle za nyuma ziko kimya, na mngurumo kwenye dekoda (Goma)

Himbi_Juu (Goma)

Jambo kwenu wote. Nimefunga seti ya sinema ya nyumbani ya kuanzia, 5.1 (bafle tano na sabufa moja ya besi), na mambo matatu yamegoma. Naandika kila kitu ili msilazimike kubahatisha.

Chumba ni mita 4 kwa 5, nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava, sakafu ya sementi. Tele ya inchi 43 iko kwenye ukuta wa mita 4, kiti kiko mita 3 mbele yake. Ampli ni ya okazioni. Nyuma imeandikwa 220-240 V, 50 Hz, 180 W, na kwenye matundu ya bafle 6-16 Ω. Bafle ni tano ndogo za omu 6, spika ya ndani ina upana wa sentimita 7.5 hivi, na sabufa ina fishi yake ya umeme. Waya za nyuma ni nyembamba, 2 × 0.5 mm², mita 10 kila upande, nimezibana kwenye mbao za ukuta kwa misumari ya kebo. Dekoda inaingia kwenye ampli kwa kebo nyekundu na nyeupe.

Kwanza: kwenye dekoda zinalia bafle mbili za mbele na sabufa tu. Nikibonyeza "All Ch Stereo" zote zinaamka, lakini nikifikisha sauti 35 hivi ampli inakata, inaandika PROTECT na taa inamweka.

Pili: nimevuta HDMI kutoka tundu la 1 la tele hadi kwenye ampli ili nisikie filamu za flashi. Hakuna sauti.

Tatu: kuna mngurumo mzito muda wote dekoda inapokuwa imeunganishwa, hata sauti ikiwa sifuri. Nikifungua kebo ya parabola nyuma ya dekoda, unaisha palepale.

Ampli imekufa, au kuna kitu naweza kupima mwenyewe?

---

Fundi wa Katindo (Goma)

Jambo kaka. Usiipeleke popote kwanza, na usifungue kifuniko. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata fishi ikiwa imechomolewa.

Soma tena ulichoandika mwenyewe: ampli inatulia bafle za nyuma zikiwa kimya, inakata ukizipa kazi. Dalili hiyo inaelekeza kwenye waya au bafle za nyuma kabla ya kuelekeza kwenye ampli. Shoti kwenye waya ambao haupitishi sauti haisumbui. Ukipeleka sauti, mkondo unakuwa mkubwa mno na ampli inajikata ili transistori zake zisiungue. PROTECT ni kinga, inafanya kazi yake.

Fanya hivi. Zima, chomoa fishi ukutani, toa waya zote za bafle nyuma ya ampli. Washa ikiwa tupu, weka "All Ch Stereo", panda hadi 35, iache dakika 5. Ikiandika PROTECT bila bafle hata moja, basi ugonjwa uko ndani: mara nyingi transistori za kutoa sauti zimepasuka na umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa betri) unatokea kwenye matundu. Hapo ndipo fundi anahitajika, na usirudishe bafle yoyote, maana DC inachoma koili. Ikitulia, tafuta nje.

Chukua multimeta, weka kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili kwanza, andika namba inayotokea (0.2 hadi 0.5), utaitoa kwenye kila kipimo. Sasa pima kila bafle mara mbili: mara ya kwanza kwenye ncha ya waya iliyokuwa kwenye ampli, mara ya pili nyuma ya bafle yenyewe waya ukiwa umetolewa. Bafle ya omu 6 itakuonyesha karibu 5, na hiyo ni sawa, kwa sababu multimeta inapima ukinzani wa koili peke yake. Ya omu 8 inaonyesha 6 hadi 7, ya omu 4 inaonyesha 3 na kidogo. Ukiona chini ya 1, ni shoti. Ukiona OL, au 1 iliyosimama kushoto bila kubadilika, koili au waya umekatika.

Kama huna multimeta, betri ya 1.5 V ya saa inatosha: gusa + kwenye tundu jekundu na − kwenye jeusi, kisha ondoa mara moja. Spika nzima inatoa "tup" na utando wake unasogea mbele. Ukisogea nyuma, waya za ndani zimegeuzwa. Usitumie betri ya 9 V, na usiishikilie.

Kagua vitu viwili kwa macho. Cha kwanza ni nyuzi za waya kwenye matundu: uzi mmoja mwembamba kama unywele ukitoka upande mwekundu ukagusa mweusi unatosha kuzima ampli. Menya sentimita 1 tu, sokota nyuzi zikae pamoja, ingiza mpaka shaba isionekane nje. Cha pili ni hiyo misumari yako ya kebo. Waya wa 0.5 una ngozi nyembamba, na msumari ukipigwa upande unaingia katikati ya waya mbili.

Na huo waya wa 0.5 ubadilishe hata kama hauna shoti. Mita 10 ni mita 20 za shaba, kwenda na kurudi: karibu omu 0.7. Kwa bafle ya omu 6 hiyo inakula zaidi ya sehemu moja ya kumi. Waya wa 2 × 1.5 mm² kwa urefu huohuo una omu 0.23, na hapo huhitaji kufikiria tena. Ukinunua, kwaruza uzi kwa kisu. Ukiona rangi nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi na unavunjika ukiukunja mara kadhaa. Chagua ule ulio mwekundu mpaka ndani.

---

Mama Nguba (Bukavu)

Jambo Himbi. Fundi ameshika PROTECT, mimi naingia kwenye sauti yenyewe.

Kebo nyekundu na nyeupe inabeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Hata chaneli ikitangaza 5.1, kwenye kebo hiyo utapata stereo. Kwa hiyo ukimya wa bafle ya kati na za nyuma si ugonjwa: ampli iko kwenye "Stereo" na haijaletewa kitu cha kuzipa. "All Ch Stereo" inanakili sauti ileile kila mahali. Kwa muziki wa sherehe inafaa, lakini kwa filamu inaharibu, maana maneno ya mwigizaji yanakujia mgongoni. Kwa chaneli za kawaida tumia "Pro Logic II Movie" au "Dolby Surround", ile utakayoikuta kwenye telekomande. Inachambua stereo, inapeleka mazungumzo katikati na mandhari nyuma.

Kwa 5.1 ya kweli njia ni hii: dekoda na kila kifaa viingie kwenye tele kwa HDMI, kisha tele ipeleke sauti kwenye ampli kwa kebo moja. Hapo ndipo ulipokwama. Si kila tundu la HDMI linarudisha sauti. Tafuta lililoandikwa ARC au eARC. Kwenye tele nyingi ndogo ni moja tu, na mara nyingi si la 1. Upande wa ampli, kebo iingie kwenye tundu la kutoa picha, lililoandikwa HDMI OUT pamoja na ARC. Ampli isiyo na neno ARC hapo haitapokea sauti kwa njia hiyo hata ufanye nini.

Ukishachomeka, washa CEC (inayoruhusu tele na ampli kuamrishana kwa HDMI) pande zote mbili. Kila kampuni ina jina lake: Anynet+ kwa Samsung, SimpLink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony. Halafu kwenye menyu ya sauti ya tele, "Sortie audio" iwe HDMI ARC, na "Sortie audio numérique" iwe Bitstream (tele ipitishe sauti kama ilivyo, ampli ndiyo iifungue) au Auto. Ukiiacha kwenye PCM, ARC inapitisha stereo tu, na utarudi kulalamika kwamba bafle za nyuma zimelala. Dekoda nayo ina menyu yake ya sauti: ondoa PCM, weka Dolby Digital ikiwa ipo. Kisha zima vyote, chomoa fishi dakika 2, washa tele kwanza, ampli baadaye. Vifaa hivi husalimiana vinapowaka, na salamu ikivurugika vinabaki hivyo mpaka uvikate umeme.

Ampli ikiwa ya zamani bila ARC, tumia kebo ya mwanga, ile ya Toslink, tundu la mraba lenye kifuniko kidogo na taa nyekundu ndani. Inabeba Dolby Digital 5.1 na DTS (aina nyingine ya sauti ya filamu) bila shida. Toa vile vizibo vidogo vya plastiki kwenye ncha zake kabla ya kuichomeka, na usiikunje kona kali, maana ndani kuna uzi wa mwanga.

---

Kamalondo_Sauti (Lubumbashi)

Yaya, mngurumo wako umejieleza wenyewe: ukifungua parabola unaisha. Huo ni mzunguko wa ardhi wa 50 Hz. Nguzo ya parabola iko nje imegusa udongo au ukuta wenye unyevu, ganda la kebo ya parabola linafika kwenye dekoda, ganda la kebo nyekundu na nyeupe linaendelea hadi kwenye ampli, na ampli imeunganishwa na umeme wa nyumba kwa njia nyingine. Mkondo mdogo unazunguka humo na unaingia moja kwa moja kwenye sauti, kwa sababu kebo hiyo inabeba sauti ikiwa bado umeme mtupu.

Ndiyo maana ushauri wa Mama Nguba unatibu mawili kwa pamoja. Ukitoa kebo nyekundu na nyeupe, mngurumo kwa kawaida unaondoka nayo. Ukibaki hata kwa HDMI, tumia kebo ya mwanga, maana haina chuma na mkondo hauna pa kupita. Sabufa yako ina fishi yake, kwa hiyo nayo iingie kwenye multiprizi ileile ya ampli, tele na dekoda. Vifaa vinne kwenye prizi nne za kuta tofauti ni kualika mngurumo urudi.

Kuna watu watakuambia uvunje kiguu cha ardhi kwenye fishi. Mngurumo utaisha, na siku umeme ukivuja kwenye ganda la chuma utapita kwenye mkono wa mtoto. Usifanye hivyo. Ukisikia vijisindano unapogusa nyuma ya tele au dekoda, huenda nyumba haina ardhi inayofanya kazi. Goma kwenye lava ngumu nondo ya ardhi haizami, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi wa umeme anaweza kulaza shaba tupu ndani ya mtaro uliojazwa udongo badala ya kupigilia nondo wima, kisha apime. Pamoja na hiyo, aweke disjonkta diferansieli ya 30 mA, ile inayokata umeme ukivuja.

Sasa umeme wenyewe. Pima prizi saa 2 usiku, wakati majirani wote wanapika, kisha saa 9 usiku. Ukikuta 170 au 250, usiache ampli ichukue umeme huo moja kwa moja. Ampli yenye transfoma ikipewa 170 V inaishiwa nguvu mapema, sauti inakwaruza, na mtu anazidi kuipandisha mpaka spika ndogo inaungua. Ikipewa 250 V inapata joto zaidi. Stabilizateri (kifaa kinachosawazisha voti) ya 1000 VA inakutosha: ampli yako 180 W, tele ya inchi 43 kwa kawaida haifiki 120 W, sabufa na dekoda kidogo. Ile "1000 W" kubwa kwenye boksi la seti za namna hii isikutishe, hesabu kile kilichoandikwa karibu na waya wa umeme.

Stabilizateri haizuii radi. Mvua ikianza kunguruma chomoa fishi, na fungua pia kebo ya parabola, maana radi ina njia mbili za kuingia. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Umeme ukikatika chomoa vilevile, na ukirudi subiri dakika 5 kabla ya kuchomeka. Kama unatumia betri na inveta, nunua ya sainasi safi. Zile za bei ndogo zinatoa umeme wa ngazi ngazi, transfoma ya ampli inanguruma na kupata joto. Jenereta ndogo iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke. Kabla ya kuizima, chomoa.

---

Himbi_Juu (Goma)

Aksanti sana ninyi watatu. Vipimo ni hivi.

Ampli tupu, "All Ch Stereo", sauti 35, dakika 5: imetulia. Multimeta yenyewe inaonyesha 0.3, nimeshaitoa.

Mbele kushoto 5.1, mbele kulia 5.2, kati 5.0. Nyuma kushoto 5.7 ikiwa na waya, 5.1 bila waya. Nyuma kulia 0.6 ikiwa na waya, 5.2 bila waya. Nimefuata huo waya wa kulia: msumari wa tisa kutoka kwenye ampli umeingia katikati, ukiung'oa unaona shaba imebanwa pande zote mbili na ngozi imekuwa nyeusi. Natoa waya wote na kuweka 2 × 1.5.

HDMI ya 2 ndiyo yenye ARC. Nimeweka Bitstream, ampli sasa inaandika Dolby Digital kwenye baadhi ya filamu. Kebo nyekundu na nyeupe nimeitoa na mngurumo umekwenda nayo.

Yamebaki mawili. Filamu fulani za flashi zinaonyesha picha bila sauti kabisa. Na bafle nizipange vipi kwenye chumba hiki? Sabufa nikiiweka kwenye kona, ukuta wote wa mbao unatetemeka.

---

Fundi wa Katindo (Goma)

Msumari huo umekuokolea pesa ya fundi. Waya mpya upitishe chini pembeni mwa ukuta, na utumie vishikizo vya plastiki vyenye nafasi ya waya mnene, msumari ukae kando yake. Kabla ya kuuchomeka kwenye ampli pima tena, ncha kwa ncha.

Mpangilio: bafle mbili za mbele ziachane mita 2.6, kila moja itabaki sentimita 70 kutoka kona yake. Spika iwe kwenye kimo cha sikio la aliyekaa, mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni, na uzigeuze kidogo zitazame kiti. Ya kati ikae chini ya tele, ukingoni mwa meza, pua yake ikiinuliwa kuelekea usoni; ikirudishwa ndani ya kabati maneno yanakuwa mazito. Una mita 2 nyuma ya kiti, lakini usizipeleke bafle za nyuma hadi ukutani. Ziweke pembeni, nyuma kidogo ya sikio, mita 1.5 kwenda juu. Usizifunge kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbao. Kata vipande vya soli ya kandambili, viweke kati ya bafle na mbao, la sivyo mbao nazo zitaimba.

Rangi zikikuchanganya nyuma ya ampli, kwa seti nyingi ni hivi: nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani kati, bluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa.

Kwenye "Speaker Setup" bafle zote tano ziwe "Small", na mpaka wa besi uwe 120 Hz au 150. Spika ya sentimita 7.5 haiwezi besi ya 80 Hz, ukiilazimisha inakwaruza. Kile kitufe cha masafa nyuma ya sabufa kizungushe hadi mwisho, ili ampli peke yake ndiyo igawe. Vikigawa vyote viwili, katikati panabaki shimo na sauti za wanaume zinakosa kifua.

Umbali upime kwa mita ya fundi, kutoka kila bafle hadi kichwani, uandike kwenye menyu. Ikiwa ya mbele iko mita 3.1 na ya nyuma mita 1.8, sauti ya nyuma inawahi kwa karibu milisekunde 4, na ampli ndiyo inayoichelewesha. Kisha washa "Test Tone". Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu, ishike pale kichwa kinapokaa, panda mpaka bafle ya mbele kushoto isome 75, na nyingine zote uzilete hapo. Simu haisemi ukweli kamili kwa besi, kwa hiyo sabufa malizia kwa sikio.

Kona huongeza besi na huamsha mbao. Chukua sabufa uiweke mahali pa kiti chako, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti kwa noti, kisha inama, uzunguke kando ya kuta sikio likiwa chini. Pale noti zote zinaposikika sawasawa, bila moja kuvimba, ndipo pa kuiweka sabufa. Acha sentimita 20 kati yake na mbao. Mwisho jaribu swichi ya "Phase", 0 na 180, uache upande unaokupa besi nyingi ukiwa umekaa.

---

Mama Nguba (Bukavu)

Hizo filamu bila sauti zina DTS. Tele nyingi za miaka ya karibuni haziisomi, na tele isiyoisoma mara nyingi haiipitishi kwa ARC pia. Kwanza bonyeza kitufe cha "Audio" kwenye telekomande, faili nyingine zina sauti ya pili ya AC3 (yaani Dolby Digital). Kama haina, chomeka flashi kwenye kichezeshi cha Blu-ray kinachosoma DTS, nacho ukiunganishe na ampli, si tele.

Bila kichezeshi, badilisha sauti kwa kompyuta kwa programu ya ffmpeg, picha haiguswi:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

640k ndicho kiwango cha juu cha AC3, na kwa bafle hizi hutasikia tofauti. Ukiona midomo inatangulia sauti baada ya hapo, tafuta "Retard audio" au "Lip Sync". Punguza kwenye tele kwanza, ikifika sifuri na bado sauti iko nyuma, ondoa picha kwenye "Mode Jeu" (hali ya michezo) kama ipo humo, ili tele iisindike kwa muda mrefu zaidi.